Spana Chini ya Betri

Jumamosi, Small Heath

Ile spana namba kumi iliyopotea imepatikana. Wanjiru, yule nesi, alileta gari nimbadilishie betri, na nilipoitoa ya zamani nikaikuta spana imelala chini yake. Niliisahau mwenyewe mwezi uliopita nilipolitengeneza.

Na mimi nilimshuku kuwa ameiiba Ilunga, Mkongo niliyekuwa nikifanya naye kazi gereji. Nilimwambia afungue mkoba wake mbele ya wateja. Akaufungua, akatoa kila kitu, akaondoka. Hajarudi.

Jioni nimempigia simu.

"Kaka, spana nimeiona. Nilikukosea."

Akauliza, "Na bale bateja, umebaambia?"

Wanjiru alikuwepo siku ile, akaona yote. Leo nimempa ufunguo wake, nikamtakia safari njema, basi.