Mume Wangu Anatafuta Shoka la Kukatia Kahawa

Mpendwa Shangazi Antonia, naomba msaada kabla ya Jumamosi maana moyo hautulii, nikiosha vyombo nasikia shoka, nikienda bombani narudi nusu njia kuangalia kama kahawa yetu bado imesimama. Mimi ni mke wa mkulima hapa Oldeani, mume wangu Emilian ameapa kukata kahawa yote aliyoachiwa na marehemu mama yake apande ngwara, hizi kunde za kuuza, na yote ni kwa sababu msimu uliopita jirani yetu Leonce alipanda ngwara peke yake, wanunuzi wakaigombania hadi mlangoni kwake, sasa ana pikipiki na mkewe Cresensia ameezeka upya, bati la bluu Shangazi, hata mimi nilikwenda kulitazama nikajifanya naomba chumvi. Nimemwambia, baba Goodness, kahawa ndiyo imesomesha watoto, ananijibu, "Kahawa imemzeesha mama yangu, mimi hainizeeshi!" Basi nikachukua shoka letu nikalificha kwa wifi yangu Hosiana, chini ya magunia, na Mungu ni mwema, kila nyumba anayokwenda kuazima anaambiwa shoka lina kazi, hadi kwa katekista amekosa, lakini Jumamosi anakwenda kununua jipya Karatu. Nikisema ukweli atanifukuza, nikinyamaza tutalala njaa, nifanyeje?

Mama Goodness, Oldeani

Mama Goodness, pole sana. Sasa nikuseme. Mtu mzima unaficha shoka! Ulidhani maduka yote ya Karatu yamefungwa? Na usimtwishe Emilian lawama zote. Ile chumvi ya kwa Cresensia ilikuwa ya kazi gani? Mumeo ana macho, aliona ulivyorudi umenuna.

Haya, tuje shambani. Kukata kahawa ni kazi ya asubuhi moja, kuirudisha hadi uchume ni miaka. Ngwara ukiikosea, msimu ujao unapanda kingine. Kwa hiyo pa kujaribia ni pale unapoweza kurudi nyuma. Lakini mumeo naye si mjinga: mti uliochoka usiozaa, kuung'ang'ania eti ni wa marehemu mama mkwe, hiyo ni huruma tu, wala haijazi sufuria. Mwiteni bwana shamba awaonyeshe ipi ikatwe ichipue upya na ipi iondoke kabisa. Hapo palipofunguka pandeni ngwara. Kipande, si shamba zima!

Shoka lirudishe leo hii na useme ulikoliweka, kabla Hosiana hajasema, maana mawifi nawajua. Atafoka. Mwache afoke, mpe chai, usijibizane.

Akishatulia, mkumbushe kwamba Leonce aligombaniwa kwa sababu alikuwa peke yake. Halafu mtume arudi kwenye zile nyumba zote alizonyimwa shoka, na kwa katekista pia, aulize swali moja tu: hayo mashoka yenu yanakata nini?