Kuku Wako Wamekunywa Dawa

Mama Kulwa, mke wangu,

Leo kuku wako wamekunywa dawa ya minyoo. Wamekunywa kweli, si kama mara ile. Nimekaa kwenye kigoda chako nikiwatazama mpaka karai likabaki tupu. Nimeona nikuandikie kabla sijashika kazi nyingine, kwa sababu hili ndilo uliloniomba siku ya mwisho tuliyoongea kwa simu.

Nilikuwa Geita, tunajiandaa kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Wenzangu wananiita, na wewe unanieleza habari za kuku. "Wameanza tena kukonda, Baba Kulwa. Ukija, tuwafungie kwanza." Nikajibu sawa, sawa, nikakata. Nilipofika nyumbani homa ilikuwa imekuzidi, hunijui tena. Kwa hiyo neno la mwisho ulilolisikia kwangu ni hilo "sawa", la mtu ambaye hakuwa anasikiliza.

Ulikuwa umeniagiza dawa hiyo mara mbili nikasahau. Mara ya kwanza nilikuletea khanga badala yake. Ulishukuru, ukaiweka sandukuni, kisha ukatoka kwenda kuwapapasa kuku vidari, mmoja mmoja. "Mfupa umetokeza kama kisu," ukasema. "Labda tuwafunike hiyo khanga." Nikacheka. Nikakwambia kuku wa kienyeji ni mgumu, hahitaji daktari. Niliongea kama mfugaji, wakati mimi kuku nilimjua akiwa bakulini.

Mara ya tatu nikainunua. Ulitaka tuwafungie tangu jioni bila maji, ili asubuhi wakitoka na kiu wakutane na maji ya dawa peke yake. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi mnadani. Nikakoroga, nikaweka karai uani, kuku wote wakiwa wameshatawanyika. Mvua ilikuwa imenyesha, nawe unaujua udongo wetu mweusi: kila alama ya kwato za ng'ombe ilikuwa imejaa maji. Wakanywa huko. Niliporudi jioni karai lilikuwa limejaa vilevile. Nikalimwaga, nikasema, "Unaona? Dawa yenyewe ya bure." Ukasema taratibu, "Hawakuinywa." Ulisema mara moja tu. Hukuwa mtu wa kurudiarudia.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma.

Wazazi wako walipofika kwenye msiba wako kutoka Ushirombo, nikasema wachinjiwe kuku wako, maana mama yako hawezi kuja kwa binti yake akale michembe ya viazi mitupu. Dada yangu akawachinja watatu nyuma ya jiko. Muda si mrefu akaniita kwa sauti ya chini. "Kaka, njoo uone kilichokuwa kinawala kuku wa wifi." Alikuwa amepasua utumbo. Minyoo ilikuwa humo, myeupe, mirefu, imejikunja kama tambi zilizopikwa. Nyama ya kuku wote watatu haikujaza bakuli moja.

Ulikuwa umeona yote hayo kwa vidole tu, bila kumpasua hata mmoja.

Tulifukia utumbo ule kwenye shimo refu ili wengine wasije kuufukua na kuudonoa. Mama yako alipopelekewa chakula alikula, akashukuru. Hakusema neno kuhusu udogo wa vipande. Ningefurahi angesema.

Wageni walipoondoka nilianza na banda. Sikuwahi kuingia humo kabla. Inabidi kuinama mpaka magoti yanauma, na nikawaza ulikuwa unainama humo peke yako siku zote, hata ulipokuwa na mimba ya mapacha. Nilikwangua kinyesi chote, nikakipeleka mbali na uani, nikaacha mlango wazi sakafu ikauke. Karai nimeliinua juu ya mawe ili wasiingie na miguu michafu. Chakula sikimwagi tena chini. Jana jioni nikawafungia, na leo asubuhi walipotoka waligombania yale maji.

Mtaalamu wa mifugo ameniambia nirudie baada ya wiki tatu, maana mayai ya minyoo yanabaki ardhini na kuku wanayaokota tena. Akasema pia mayai ya kuku yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Doto alikuwa ameshaokota moja, bado lina joto. "Baba, hata hili moja?" Nikamwambia, "Mama yako asingekubali." Akaliweka chini bila kubisha.

Yule tetea mwekundu hakuchinjwa. Niliwakataza wasimguse. Unakumbuka alivyotaga kwenye kofia yangu ngumu ya machimboni, siku ile niliporudi mikono mitupu? Ulikuja umeishika kwa mikono miwili kama sahani ya mgeni. "Baba Kulwa, miezi yote hiyo unachimba ardhi za watu, na dhahabu inatagwa nyumbani!" Ukacheka mpaka ukakaa chini, nami niliyekuwa na hasira nikacheka. Sasa upanga wake wa kichwani umepauka na mabawa yameshuka. Lakini leo amekula pumba, na nimempapasa kidari kama ulivyokuwa unafanya. Sijui bado vidole vyangu vinatafuta nini. Nitajifunza.

Wenzangu wamepiga simu kutoka Geita. Wanataka nirudi wiki ijayo. Nimewaambia watangulie. Kofia yangu nimeiweka kwenye kona ya banda, nimetandika majani makavu ndani yake.

Wiki tatu zikitimia nitawafungia mwenyewe, na asubuhi nitakaa hapa mpaka wa mwisho anywe. Nitafanya hivyo kila itakapohitajika, na Kulwa na Doto nitawafundisha kama ulivyotaka kunifundisha mimi. Halafu nitakuja kaburini nikuambie.

Pumzika, mama watoto. Wabeja kwa yote ambayo sikukushukuru ukiwa hai.

Hawakuinywa siku ile. Ulisema kweli.

Mumeo,
Baba Kulwa