Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua hukuiitikia.

Dada Resti ameniambia kwamba simu ikiita na jina langu likatokea, unaifunika kwa kitenge na kutoka nje. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Sauti yangu huitaki, lakini mwandiko wangu unaujua. Wewe ndiye uliyenishika mkono darasa la kwanza, ukanichapa rula kwa sababu ya herufi zangu zinazolala kama zimeshiba. Angalia, bado zinalala. Marehemu haandiki hivi.

Mguu unaendeleaje? Dawa ya presha unameza, au bado unaikata nusu ili isiishe upesi? Nakujua wewe. Resti kasema mvua za safari hii hazikuionea huruma Pasiansi, na chumba cha nyuma, kile kilichoegemea jiwe, kinavuja tena. Mimi mwili ni mzima. Kazi ni ileile ya ghala la vifurushi na baridi ya Poland ni ileile.

Mama, nataka nikueleze mwenyewe, tangu mwanzo. Resti alikueleza huku analia, baba mdogo Alfonsi akakueleza huku amekasirika, na nadhani hakuna aliyekueleza ukaelewa.

Hapa nina wenzangu wawili, Tomek anayepiga gitaa na Ania anayepiga ngoma. Ania ni dada mwembamba, ila mikono yake ni ya mtu aliyekulia kwenye kinu. Muziki tunaopiga wenyewe wanauita metaliki hadikoo. Usinune kwanza. Pita Mirongo wanapochomelea mageti, mafundi wote wawashe mashine zao kwa pamoja, na katikati yao asimame mtu anayegombana na Mungu. Huyo mtu ndiye mimi. Siimbi, Mama. Napiga mayowe.

Unakumbuka siku baba alipofariki, Resti alinipigia, halafu akaiacha simu juu ya kiti bila kuikata. Nilisikia kila kitu. Nilisikia yowe lako. Nikasikia akina mama wa juu kwenye mawe wakikuitikia, kisha wa kule mwaloni, kisha miguu ya watu uani na mikeka ikikung'utwa. Hukukaa peke yako hata kidogo. Na mimi huku ghorofani nikapiga langu, kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Jirani akagonga ukuta. Nilipoendelea wakaja polisi wawili, wapole kabisa, wakauliza nani anapigwa humu ndani. Nikawaambia baba yangu amefariki. Wakanipa pole, wakaniomba nipunguze sauti.

Kibali changu cha kuishi kilikuwa ofisini kinasubiri muhuri, na mtu akitoka kabla hakijatoka, harudi. Wewe mwenyewe ulisema, "Baki mwanangu, hata baba yako angekuambia hivyo." Nikabaki. Mkampandisha kivuko, mkamzika Ukerewe, mkaanua matanga, na mimi nikaangalia picha. Tangu siku hiyo nilikuwa natembea na kilio kimenikwama kooni kama mwiba wa sato.

Tulipoingia studio kurekodi albamu, nyimbo nyingine zilienda vizuri. Ule wa baba uligoma. Nilipiga kelele mpaka mishipa ikanisimama, Ania akatikisa kichwa. "Unaigiza," akasema. Iliniuma hiyo! Nikamwambia fundi mitambo azime taa. Nikavua viatu, nikakaa chini sakafuni kama tunavyokaa msibani, nikavuta kipaza sauti mpaka mdomoni. Nikamwita baba kwa kilugha chetu, "Tata!" Nikakuita na wewe. Sijui nililia kwa muda gani. Nilipoinua kichwa Tomek alikuwa amegeukia ukuta, na fundi alikuwa ametoka nje kuvuta sigara, hakurudi upesi. Hatukurudia. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye albamu.

Albamu imepokelewa, Mama, tena kuliko tulivyotegemea. Wapenzi wa muziki huo wameandika kwamba nina mapafu ya ajabu. Mmoja kasema mbinu yangu ya koo ni ya kusomewa. Mbinu! Nilicheka peke yangu kwenye basi. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, na mwishoni jamaa mmoja, ndevu mpaka kifuani, shingo nzima imechorwa, alinisubiri mlangoni, akanikumbatia, analia tu. Nikajua na huyu ana wake aliyemzika. Tangu nifike nchi hii, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniitikia yowe.

Wa pili ulikuwa wewe.

Usimgombeze Resti. Nilimtumia wimbo nikamwambia asikilize kwa siri, naye akausikiliza jikoni huku anapika, simu iko juu ya kabati. Wewe unatoka zako jumuiya, unafika mlangoni, unamsikia mwanao analia kilio cha msiba na anakuita. Ungefanya nini? Resti anasema ulitupa rozari chini, ukatoka uani, ukapiga yowe. Alikukimbilia akikuvuta gauni, "Mama ni muziki, Mama ni wimbo tu!" Lakini yowe likishatoka, nani anamsikiliza binti mmoja? Watu walishafika. Mikeka ilishatandikwa, kuni zimewashwa, mwenyekiti wa jumuiya ameanza sala. Wakanipigia, simu sipokei. Kazini tunaziacha kwenye makabati, hatuingii nazo ghalani. Basi ndiyo ikawa uthibitisho. Baba mdogo akapanda kivuko kuja kunilia.

Nilipotoka kazini nikakuta simu imejaa. Nikapiga, wakakupa. Nikasema, "Mama, shikamoo." Ukapiga ukelele, ukaiangusha. Hilo ndilo neno la mwisho tulilosemezana, na si neno.

Nimeambiwa majirani waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na sufuria yake, wengine wanacheka, wengine wamekasirika. Wakakuambia ulikosea, ni muziki tu. Nawe ukawajibu, "Muziki gani? Mimi nimemzaa. Najua anavyolia."

Mama, hukukosea. Wamesikiliza watu wengi huku, wamenisifia pumzi na koo, na hakuna hata mmoja aliyesikia sawasawa kama wewe. Yule nilikuwa mimi, nalia kweli. Nilikuwa nakuita kweli. Sikufa, lakini sikuwa mzima kama nilivyokuwa nakudanganya kila Jumapili kwenye simu.

Sasa Resti anasema mkeka hujauinua. Unalala hapo hapo sebuleni, chakula unaonja, na mtu akikuuliza unasema mkeka uliotandikwa kwa jina la mtu hauinuliwi kwa simu. Kama yu hai, aje auinue mwenyewe kwa mikono yake. Baba mdogo anakuunga mkono, na kwa mara ya kwanza naona mmekubaliana jambo.

Kibali changu hakijatoka. Kipo ofisini hukohuko, na sheria haijabadilika. Tumealikwa kwenda kupiga albamu miji mingi, mpaka nchi za jirani. Tomek alishachora ramani nzima kwenye ukuta. Niliwaita, nikawaeleza matanga ni nini, na kwamba mkeka wangu umetandikwa, na mama yangu amekaa juu yake. Ania akauliza, "Ukienda, hawatakuruhusu kurudi?" Nikasema hawataruhusu. Akakaa, akalia kidogo, akafuta uso na kiganja. "Nenda," akasema. "Mama yangu mimi alikufa kabla sijamuaga." Hawatatafuta mtu mwingine. Bendi imeishia hapo, Mama. Imeniuma, siwezi kukuficha. Ningekuwa na njia ya kuvishika vyote viwili ningevishika.

Barua hii anakuletea binti wa Nyegezi aliyemaliza masomo huku. Mpe chai, usimhoji sana. Mimi nitakuwa nyuma yake kwa siku chache.

Nisalimie Resti, mwambie ugali wake ulioungua siku ile ya yowe nitaula nikifika. Nisalimie baba mdogo Alfonsi na umwambie namshukuru kwa kupanda kivuko. Aliyepanda kunizika naamini atapanda pia kunipeleka kwenye kaburi la baba. Bibi kule Nansio mwambieni taratibu, akiwa ameshakula. Mwenyekiti wa jumuiya na akina mama wote wa kwenye mawe, walioacha vyungu vyao motoni kwa ajili yangu, waambie nitapita nyumba kwa nyumba.

Usije uwanja wa ndege, mguu utavimba. Kaa ulipokaa. Nitapanda mwenyewe mpaka mlangoni, na sitapaza sauti, usije ukashtuka tena. Nitabisha hodi mara moja tu, polepole. Niitikie.

Mwanao,
Deo