Bikizee Anayevuka Barabara

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile video niliyokurekodi ukivuka ua, mkono kiunoni, ukinigombeza, niliitumia kazini. Katika mchezo wa kompyuta tuliokuwa tukiutengeneza yumo bikizee anayevuka barabara, na mwendo ni wako mtupu. Nimemhangaikia mwaka mzima. Mwenzangu naye, mwaka mzima, alihangaikia kivuli cha bikizee huyo tu.

Basi gharama zimepanda mpaka wakubwa wakaona hata mchezo ukiuzwa dunia nzima, fedha hazitarudi. Wameufuta, nasi tumeachishwa kazi. Usiwalaani, bibi, najua umeshaanza. Kabla sijazima kompyuta nilimvusha bikizee wetu, nikamfikisha ng'ambo salama.

Jumamosi nakuja. Usitoke kunipokea na goti hilo. Kaa hapo hapo, nitavuka mimi.

Mjukuu wako mtundu,
Kijiti