Saa Uliyoiacha Mezani

Mwaka umetimia leo, Baba Lenzi wetu, tangu ulipovua koti la kazi, ukalitundika, ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena.

Mpaka sasa, mchana jua likiingia kwa dirisha refu la karakana na vumbi la dhahabu likielea hewani, tunakuona umeinama pale, lenzi jichoni, umetulia kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Tunajua ni mwanga tu. Tunasimama hivyo hivyo mpaka mwanga uhame.

Ulikuwa mwema, na ulikuwa msahaulifu. Ulikwenda kununua mkate lenzi ikiwa bado jichoni, ukamkodolea muuza duka mpaka akauliza amekosa nini. Wateja waliokuja na madereva uliwapanga foleni nyuma ya bibi aliyeleta saa ya mezani imefungwa kwenye taulo. Ulisema yeye hana nyingine.

Ulipenda kutusimulia nyumba hii ilivyoanza. Baba yako alikuwa fundi saa mwenye meza moja chini ya ngazi. Mama yako, sonara, alikodi meza ya jirani, akalalamika kwamba mlio wa saa zake unamtetemesha mkono. Baba akamtengenezea saa isiyosikika. Mama akaitengenezea kasha la dhahabu. "Mimi nilikuja baadaye," ulikuwa ukisema, "bidhaa ya pili." Leo jina lao liko juu ya mlango wa kioo, na watu huomba miadi ili waingie.

Wazee hao walituachia sheria moja ngumu: saa iliyoanzwa na mkono mmoja haimaliziwi na mwingine. Fundi akifa, saa yake inafunguliwa, vipande vinarudi stoo. Ya baba yako uliifungua mwenyewe.

Yako ilibaki mezani nusu. Kifungua mimba wako alitaka ifunguliwe, sheria ni sheria. Kitinda mimba, binti uliyemfundisha kushika kibano kabla ya kalamu, aliomba muda wa kuiaga. Tukampa. Miezi minane alijifungia nayo, nasi tukadhani analia. Kumbe anafanya kazi.

Alipoitoa, ilikuwa inatembea. Kaka yake alikasirika, akasema amevunja neno la babu. Yeye akashikilia kwamba hajaongeza lolote, saa ni yako yote. Na kweli, ndani ya mfuniko alikuwa amechonga alama yako peke yake.

Mkeo aliivaa siku thelathini, kama kila saa ya nyumba hii inavyovaliwa na mmoja wetu kabla ya kwenda kwa mteja. Haikupoteza dakika. Siku ya mwisho aliifunua, akaitazama kwa lenzi yako, kisha akawaita watoto wote wawili.

"Baba yenu alikuwa fundi," alisema, "lakini meno ya magurudumu hakuwahi kuyang'arisha hivi. Alikuwa mvivu wa kung'arisha. Usimsingizie marehemu."

Binti akainamisha kichwa, akauliza kama basi aifungue.

"Nani kasema uifungue? Chonga na alama yako. Ikiharibika, tujue wa kumlaumu."

 Kaka mtu akainuka, akaleta kalamu ya kuchongea, akamshikia dada yake taa.

Tusamehe, wewe na wazee. Ile sheria tumeiacha. Saa ilitoka wiki iliyopita mkononi mwa mteja aliyeiagiza, alama mbili ndani. Binti yako ameshaanza nyingine. Nani ataimaliza, hatujui, na safari hii hakuna anayeogopa.

Unakumbukwa na mkeo, watoto wako wawili, mkwe wako, wajukuu watatu, dada yako sonara, na mafundi wote wa karakana, ambao bado wanakuachia kiti cha dirishani.

Hutatutoka moyoni, daima.