Siku ya Mazishi ya Mama Nilikuwa Nimevaa Jezi ya Ureno

Bi. Esteria, shikamoo. Nakuandikia kutoka Bariadi, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati.

Naitwa Salu, nina miaka thelathini na minne, na kazi yangu ilikuwa mpira wa meza, kazi ambayo hapa kwetu watu wakiisikia wanacheka kwanza, lakini mimi imenilisha miaka kumi na minne huko Ureno, baada ya kocha mmoja wa kule kuniona kwenye mashindano Dar es Salaam, akanipeleka kwenye klabu ya mji mdogo wa kaskazini wenye mvua na baridi, nikacheza, nikapanda, na mwishowe nikala kiapo nikawa raia wa kule ili niichezee timu yao ya taifa. Aliyenifikisha huko ni mama yangu, Monika, si kwamba alijua kucheza, ila akitoka kupalilia pamba alisimama upande wa pili wa meza ya zege nyuma ya ukumbi wa parokia, akinirushia kimpira kwa kiganja mpaka giza linatufukuza, mpaka mkono wangu ukazoea.

Miaka minne iliyopita mdogo wangu Mahona alinipigia simu Alhamisi asubuhi kuhusu mama, akasema, "Kaka, mayu katutoka. Tunazika Jumamosi, tunakusubiri wewe." Na Jumamosi hiyo hiyo, Bi. Esteria, ndiyo niliyokuwa nimeitwa kuichezea Ureno kwa mara ya kwanza, siku niliyoisubiri miaka saba, na ndege ilikuwepo, nafasi ilikuwepo, hata kocha aliniambia nenda kamzike mama yako, lakini mimi nikampigia baba nikamwambia ndege zote zimejaa, nikalia kwenye simu, kilio kikiwa cha kweli na maneno yakiwa ya uongo. Saa wanayomshusha kaburini nilikuwa ukumbini nimevaa jezi, nikaongoza seti mbili kwa bila, halafu mkono ukakataa, nikapoteza tatu mfululizo, na sikuitwa tena kamwe, mwishowe bega likachanika na klabu ikaniaga.

Nimerudi nyumbani mwezi wa pili. Baba ni mgonjwa wa moyo, daktari amesema asishtuliwe, na kila mgeni akija baba humwambia, "Huyu mwanangu alilia kwa kukosa kumzika mama yake," halafu hunishika mkono mbele yao, nami natazama chini. Wiki iliyopita Mahona akaikuta video ya ile mechi kwenye simu, ina tarehe. Akanifuata zizini, wala hakupandisha sauti.

"Hii tarehe naijua," akasema. "Siku hii mimi nilikuwa na chepe mkononi."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Msamaha tutauzungumza siku nyingine. Jumapili ni misa ya kumwombea mayu, na baba anataka kusimama kanisani akushukuru mbele ya watu. Mwambie kabla. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nimeshafunga begi mara mbili. Nikimwambia naogopa nitamuua, nisipomwambia ataambiwa, na nikiondoka nitakuwa nimemkimbia mzazi wa pili. Nifanye nini?

Salu, Bariadi

*

Marahaba, Salu. Kwanza fungua hilo begi, nguo uzirudishe mahali pake.

Pole kwa mama. Nasema pole kwa sababu nadhani hujawahi kuipokea sawasawa. Kila aliyekupa pole alimpa yule mwana uliyemtunga. Mtu anaweza kufiwa akakimbilia anachokijua, na wewe ulikijua kimpira. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni miaka minne. Mechi ilikuwa ya siku moja, Salu. Uongo umeulisha kila siku tangu hapo, na tangu mwezi wa pili unaulisha huku mkono wa baba yako ukiwa ndani ya mkono wako.

Wapo watakaokushauri umwache mzee na faraja yake. Nami ningefikiria hivyo kama siri ingekuwa yako peke yako. Lakini umemtwika Mahona, aliyechimba, aliyezika, anayemuuguza baba, na sasa unamngoja avunje moyo wa mzee kwa niaba yako. Hapana. Huyo ameshakufanyia kazi zako za kutosha.

Na kama mzee atasimama kanisani akushukuru, halafu aje kujua baadaye, hapo ndipo utakapoona mshtuko. Daktari alisema asishtuliwe, hakusema adanganywe.

Fanya hivi. Kesho nenda kwa anayemtibu, mwambie una habari nzito ya nyumbani, muulize uifikishe vipi na wakati gani. Kisha kaa na Mahona. Usimwombe akutetee, mwombe tu awepo. Baba akishakula na kumeza dawa, keti chini karibu naye, umwambie kwa Kisukuma, kwa maneno machache: ndege ilikuwepo, mimi sikupanda, nilikwenda kucheza. Usitaje bega. Usitaje miaka saba. Usimwambie ulishindwa ile mechi ili akuonee huruma.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Huenda akageukia ukutani. Huenda Jumapili akakaa benchi jingine. Akikufukuza chumbani, toka, ukae uani. Asubuhi yake mpelekee uji mwenyewe, na asipoupokea, uweke chini, urudi tena mchana.