Mama Amekataa Maziwa

Kėdainiai, 27 Desemba

Kwa kaka yangu Vaidotas,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Oslo. Huku tu wazima, ingawa theluji imefika madirishani. Mama anakula vizuri. Mimi ndiye situlii: barua hii nimeiacha mara tatu, nikaenda kuangalia jiko ambalo halina hata moto.

Tangu kiharusi kimpokonye Mama maneno, unajua daktari alivyotuagiza: tuanze na ya jikoni. Basi kila asubuhi niliinua mkate mweusi nikasema duona, nikainua kikombe cha maziwa nikasema pienas, nikainua tango la chumvi nikasema agurkas. Mama alinitazama tu, kama mteja asiyetaka kununua. Jirani yetu Stasė akawa ananicheka: "We Živilė, mama yako kauza matango miaka thelathini, leo unamfundisha tango?" Nilimjibu vibaya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini changu kilikuwa kinavuja.

Ulisema asipoweza kuomba chakula mwenyewe kufikia mkesha wa Krismasi, utasaini apelekwe nyumba ya wazee. Nami siku ya Krismasi nilikupigia, nikakwambia hakutamka hata neno.

Nilikudanganya, kaka.

Mkesha ule sikuwa na nguvu za kusaga mbegu za mpopi nipate tui la kumiminia vibiskuti. Nikamimina maziwa ya ng'ombe kwenye bakuli lake, nikidhani Mama kasahau kwamba siku hiyo ni ya mfungo na maziwa ni mwiko. Akalitazama bakuli, akalisukuma mpaka ukingoni mwa meza. "Pienas," akasema. "Leo hapana! Huna haya?" Kisha akataja kila kitu akikionyesha kwa kidole, samaki, uyoga, viazi, hadi akafika kwenye sahani tupu niliyomwekea marehemu Baba.

Nililia kwa furaha, halafu nikaogopa. Akipona atabaki, nami nitabaki naye. Nina miaka arobaini na sita, nataka kulala bila kusikiliza pumzi za mtu.

Gari la nyumba ya wazee linakuja Jumatatu. Mfuko wake nimeshaufunga. Leo asubuhi aliuona mlangoni. Alikata mkate, akaupaka asali, akanisogezea. "Kula," akasema. "Umekonda."

Wapigie simu, gari lisije. Kisha uje wewe, maana peke yangu siwezi.

Wasalimie wote. Salamu za Mama sikuletei: majina ya vyakula yamemrudia, lako bado.

Ni mimi dada yako,
Živilė